MTANGAZAJI NI MFASIRI: JUU YA VIPINDI VYA NYIMBO ZA WAGENI KATIKA REDIO ZA MARA

Vitabu vya Kiswahili hupata wahakiki. Mashairi hupimwa mizani na vina, hadithi huulizwa kama watu wake husema kama wasemavyo watu, na tafsiri hushikwa neno kwa neno. Lakini maneno ya redioni, ambayo pengine husikiwa na watu wengi kuliko wanaosoma vitabu hivyo vyote, hupita kama upepo, na ni nadra mtu kushika kalamu ayapime. Nia ya makala haya ni kuchukua namna moja tu ya maneno hayo, nayo ni kipindi ambacho mgeni hualikwa studioni aje na nyimbo azipendazo, zipigwe, naye aeleze sababu ya kuzipenda. Tutakipima kipindi hicho kwa mizani ile ile tutumiayo kwa kazi nyingine za lugha. Mahali pa uchunguzi ni Mkoa wa Mara, hasa Musoma, Bunda na Butiama, ambako mwandishi amesikiliza vipindi vya namna hii kwa miaka kadhaa, na kwa muda ameendesha kimoja.

Neno langu ni hili. Katika mkoa wenye lugha nyingi kama Mara, mwendesha kipindi cha nyimbo ni mfasiri, apende asipende. Kazi yake haimaliziki kwa kusema wimbo ni mtamu. Akiitimiza kazi hiyo vizuri, Kiswahili huwa nyumba ambamo majirani husikilizana. Akiitimiza vibaya, Kiswahili huwa pazia, na nyuma ya pazia hilo lugha nyingine hufa bila kusikika.

I. ASILI YA KIPINDI

Kipindi hiki si mzaliwa wa Mara. Umbo lake lajulikana zaidi kwa kipindi cha BBC kiitwacho Desert Island Discs, kilichobuniwa na Roy Plomley, kikasikika mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1942, wakati wa vita. Mgeni huambiwa ajidhanie ametupwa peke yake kisiwani, kisha ateue sahani 8 za santuri za kumliwaza huko. Siku za mwanzo mazungumzo hayo yaliandikwa kwanza, ndipo yakasomwa mbele ya maikrofoni. Plomley alikiendesha mpaka alipokufa mwaka 1985, na baada yake wengine wakakipokea.

Katika umbo hilo mambo mawili yastahili kuangaliwa. La kwanza ni hesabu. Mtu akiambiwa alete nyimbo azipendazo ataleta gunia; akiambiwa alete 8, hana budi kuacha nyingi, na katika kuacha huko hujieleza yeye ni nani. La pili ni upweke. Mtu wa kisiwani hana jirani. Wimbo anaouchagua ni wa nafsi yake. Hapa ndipo Mara inapoachana na London. Mgeni wa Musoma huchagua wimbo mbele ya masikio ya shemeji zake, ya wazee wa ukoo wake, na ya watu wa kabila la pili ambao labda wimbo huo unawataja. Wimbo si wake peke yake, na sababu za kuupenda si zake peke yake. Basi mtangazaji aulizaye maswali ya kisiwani hupata majibu mafupi, kwa maana anamwuliza mgeni habari za upweke asioujua.

Kwetu sisi redio ilikuwa na desturi yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangu zamani msikilizaji alizoea kuomba wimbo, lakini alizoea kuuomba pamoja na salamu: salamu kwa wazazi, kwa rafiki, kwa mgonjwa aliyelazwa. Katika vipindi vya salamu wimbo ni sinia, na majina ndiyo chakula. Hapana ubaya katika hilo, kwani kutajwa jina redioni ni heshima, na watu wengi waliopoteana walipatana kwa njia hiyo. Lakini desturi hiyo ilimfundisha mtangazaji kuuona wimbo kuwa ni kitu cha kujaza nafasi kati ya orodha moja ya majina na nyingine, na cha kukatwa orodha inapongoja.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa stesheni za watu binafsi na za jamii, redio ilitoka Dar es Salaam ikaingia mikoani. Leo Musoma ina Victoria FM, na Bunda ina Mazingira FM. Nakumbusha mapema kwamba yasemwayo humu hayamlengi mtangazaji fulani wala stesheni fulani. Ni habari za namna ya kipindi, na kasoro nitakazozitaja zaweza kusikiwa popote nchini.

II. LUGHA ZA WASIKILIZAJI

Mtangazaji aketiye Musoma husema na watu wa lugha nyingi kwa pumzi moja. Kandokando ya ziwa wako Wajita, Wakwaya na Waruri. Butiama na pande zake wako Wazanaki. Bunda wako Waikizu, na Wajita, na wengineo. Kaskazini wako Wakurya wa Tarime, na Wajaluo wa Rorya ambao lugha yao si ya Kibantu kamwe. Malcolm Guthrie, katika mpango wake wa lugha za Kibantu, alikipa Kijita alama ya E25, Kikurya E43 na Kizanaki E44. Ni alama zenye manufaa kwa mwanafunzi, lakini hazimwambii mtangazaji jambo alihitajilo zaidi, yaani kwamba lugha hizi hazisikilizani zote. Mjita haelewi wimbo wa Kikurya kwa kuwa tu wote ni Wabantu, na Mjaluo haelewi hata kimoja kati ya vyote hivyo mpaka afundishwe.

Tena sauti za lugha hizi si za Kiswahili. Kijita kina irabu 5 kama Kiswahili, lakini Kikurya na Kizanaki vina irabu 7. Zote hizi za Kibantu zina toni, ambayo Kiswahili hakina. Laura Downing ameandika kitabu kizima juu ya toni ya Kijita (1996), na Jelle Cammenga amechambua sauti na maumbo ya Kikurya (2004). Mtangazaji aandikapo jina la wimbo wa Kikurya kwa irabu 5 za Kiswahili, maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali huweza kuwa moja mbele ya macho yake. Si kosa lake, kwani ndiyo herufi aliyofundishwa. Lakini yampasa ajue kwamba aliloandika ni kivuli cha neno.

Lugha za utangazaji nchini, kwa kanuni, ni Kiswahili na Kiingereza. Lugha nyingine hutaka kibali. Basi katika kipindi cha nyimbo za wageni nyimbo huingia kwa milango mingi: ya Kijita, ya Kizanaki, ya Kijaluo, ya Kilingala, ya Kiswahili cha bendi. Maelezo hutoka kwa mlango mmoja tu, wa Kiswahili. Kwa hiyo kila neno la maelezo ni tafsiri, na aliyesimama mlangoni ni mtangazaji.

III. MANENO MATATU YA STUDIO

Kila kazi ina maneno yake, na studio nayo ina yake. Nitatazama matatu yasikikayo sana, si kwa kuyakataza, maana lugha haiombi ruhusa kwa walimu, bali kwa kuonyesha yanavyofanya kazi bila msemaji kujua.

La kwanza ni *zilipendwa*. Ndilo jina la nyimbo za bendi za zamani: za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, za NUTA Jazz, za Marijani Rajab na wenziwe. Neno hili limekwisha kuwa nomino, na lina utamu wake. Lakini tulitazame umbo lake. Kiambishi -li- chatia jambo katika wakati uliopita, na kauli ya kutendwa haimtaji mpendaji. Hivyo neno lasema: zilipendwa, na watu fulani, zamani. Sasa mgeni aketi studioni aseme, “Naupenda wimbo huu,” kwa wakati uliopo na kwa nafsi ya kwanza, naye mtangazaji ajibu, “Naam, hiyo ni zilipendwa.” Mgeni ameleta kitu kilicho hai, na mwenyeji amekipokea kama maiti wa heshima. Nimesikia kijana wa Musoma aliyeuchagua wimbo Mwanameka wa Marijani Rajab, akaeleza jinsi anavyowafahamu watu wa wimbo huo katika mtaa wake leo. Na bado mazungumzo yakarudishwa kwenye swali la kama baba yake ndiye aliyekuwa akiupenda.

La pili ni *wimbo wa kilugha*. Kiambishi ki- katika Kijita au Kizanaki ni cha kutaja lugha. Katika kitoto au kijumba ni cha udogo. Katika kilugha maana hizo mbili zimekaa kiti kimoja, na msikilizaji hawezi kuzitenga. Lakini dhara kubwa zaidi si dharau, ambayo wasemaji wengi hawaikusudii. Dhara ni kwamba neno hilo laficha jina. Wimbo wa Kizanaki na wimbo wa Kingoreme, wa Kikwaya na wa Kijaluo, vyote huitwa “kilugha” hewani, kisha huandikwa hivyo hivyo katika kompyuta ya stesheni. Atakapokuja mtafiti baada ya miaka 30 kutafuta nyimbo za Kiikizu, atakuta mafaili mia yenye jina moja. Hasara ya namna hii haina kelele, ndiyo maana ni hasara mbaya.

La tatu ni la mgeni mwenyewe: *unanikumbusha mbali*. Fungu hili la maneno ni zuri, kwa kuwa limechukua neno la mahali likalifanya la wakati, kama lugha nyingi zifanyavyo. Mgeni alisemapo amefungua mlango. Kosa ni la mwenyeji adhaniye kwamba mlango ndio nyumba. Hebu tusikilize mazungumzo ya namna isikikayo kila wiki:

Mtangazaji: Mzee wangu, wimbo huu umeupenda kwa sababu gani?
Mgeni: Unanikumbusha mbali sana, mura.
Mtangazaji: Naam, unatukumbusha mbali. Haya, tuusikilize kidogo.

Tuyalinganishe na haya, ya mgeni mwingine aliyeleta wimbo wa ritungu:

Mtangazaji: Mzee wangu, wimbo huu uliusikia kwanza kwa nani?
Mgeni: Kwa baba yangu mdogo. Yeye ndiye alikuwa mpigaji.
Mtangazaji: Aliupiga wakati gani?
Mgeni: Jioni, ng'ombe wakiisha kukamuliwa. Lakini huu hakuupiga ila pawepo mgeni.
Mtangazaji: Kwa nini mpaka pawepo mgeni?
Mgeni: Kwa sababu ndani yake hutajwa mgeni na mji wake. Akija mwingine, jina hubadilishwa.

Swali la “kwa sababu gani” laomba falsafa, na si kila mtu ana falsafa tayari saa tatu ya usiku. Swali la “kwa nani” na “wakati gani” laomba habari, na habari kila mtu anazo. Kwa majibu matatu mafupi tumejifunza jambo kubwa: wimbo huo una nafasi iliyoachwa wazi kwa jina la mgeni. Jina lililomo katika kanda ni la mtu aliyekuwapo siku ya kurekodi. Asiyejua hilo atadhani wimbo ni wa kumsifu mtu yule. Ajuaye atafahamu kwamba ni wimbo wa ukarimu, na kwamba kanda imeukamata siku moja tu kati ya siku zake nyingi.

IV. KUFASIRI NENO NA KUFASIRI WIMBO

Katika mazungumzo ya kwanza mgeni alimwita mtangazaji “mura”. Neno hilo latembea sana nchini Tanzania, na kwa mzaha hutumiwa kumwita mtu yeyote atokaye Mara. Mtangazaji wa Dar es Salaam angelifasiri “kijana”, na kamusi isingemlaumu. Lakini katika Kikurya *omomura* ni mwanamume aliyekwisha kutahiriwa, aliyepokewa katika rika na kupewa wajibu wa kuulinda mji. Mzee amwitapo mtu “mura” hamkumbushi umri wake. Amkumbusha deni lake. Wimbo unaowaita vijana kwa neno hilo, ukifasiriwa kuwa “enyi vijana”, huwa wimbo wa sherehe ya shule. Ukifasiriwa pamoja na maelezo ya sentensi moja, huwa mwito.

Mfano wa pili ni wa Butiama. Mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, na alipozikwa mwezi wa Oktoba 1999, paitwa Mwitongo. Jina hilo ni kiambishi cha mahali pamoja na neno *itongo*, ambalo lina ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu za pande za ziwa, na maana yake ni mahali palipokuwa na mji wa wazee zamani. Kiswahili kina neno mahame, na kina neno gofu. Yote mawili ni sahihi kwa macho, kwani mahali pale pamehamwa. Lakini si sahihi kwa moyo. Mahame ni mahali palipoachwa. Itongo ni mahali pasipoachika, kwa kuwa wazee wamelala hapo, na mtu hurejea kulima, kutambika au kujenga tena. Mtangazaji asemaye “mwimbaji analilia mahame” amefasiri neno akaupoteza wimbo. Angeweza kusema, “mwimbaji analilia mji wa babu zake, mahali pa makaburi yao,” na asingetumia pumzi nyingi zaidi.

Upo pia wakati ambapo tafsiri iliyo bora ni kutofasiri. Kinubi cha Wakurya, *iritungu*, husikika katika Kiswahili cha Musoma kwa jina la ritungu, nalo limekwisha kuota mizizi. Hata hivyo nimesikia kikiitwa zeze, nacho si zeze. Na nimesikia kikiitwa gitaa la asili, kana kwamba gitaa lilizaliwa kwanza. Kiswahili kilipopokea maneno ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kireno na ya Kiingereza hakikuona haya. Basi kisione haya kupokea la Kikurya, ambaye ni jirani wa damu.

Mtu wa Butiama ndiye aliyetuonyesha kazi ya ufasiri ilivyo. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963. Kisha hakuridhika, akaipitia tena, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, mwenye shughuli zake, alirudi kuyapima maneno yake mwenyewe. Wasomi nao wakayapima, na wangali wakiyapima. Je, maneno ya Shakespeare yana haki ya kupimwa kuliko maneno ya mpiga ritungu wa Tarime? Sioni sababu, ila kwamba ya kwanza yako katika kitabu na ya pili yako hewani.

V. WIMBO USIO NA SAHANI

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote haimo katika maneno ya mtangazaji. Imo katika umbo la kipindi. Kipindi hiki kilizaliwa katika nchi ya santuri, na chadhani kwamba kila wimbo upendwao umekwisha kurekodiwa. Mgeni huambiwa, “Njoo na nyimbo zako,” naye huja na flashi au simu. Lakini bendi za Tanzania zilirekodiwa katika studio za redio Dar es Salaam, na sahani zao zikitengenezwa Nairobi. Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 na chombo chake cha kunasa sauti, alinasa alichokutana nacho njiani. Wimbo aliouimba mama akisaga mtama, au akimbembeleza mtoto, au wanawake wakienda kuchota maji ziwani, mara nyingi haukukutana na chombo chochote.

Kwa hiyo kipindi humpa kiti mwanamume mwenye sahani, na humnyima mwanamke mwenye kumbukumbu. Jan Bender Shetler, ambaye mwaka 2003 alikusanya na kuchapisha historia zilizoandikwa na wenyeji wa kusini ya Mara, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2019 kwamba kumbukumbu za wanawake wa mkoa huu hushika mambo ambayo historia za wanaume huyaacha: undugu wa ndoa, safari, na urafiki unaovuka mipaka ya kabila. Hayo ndiyo yaliyomo katika nyimbo zisizo na sahani. Tukiyakosa hewani, tutabaki na Mara ya mashujaa na ng'ombe, ambayo ni nusu tu ya Mara.

Dawa yake si ngumu: mgeni aruhusiwe kuimba. Katika kipindi nilichokiendesha alikuja mama mmoja wa vijiji vya Bunda ambaye kati ya nyimbo zake mmoja haukupatikana popote. Aliuimba kwa sauti yake, beti mbili na kiitikio, akapiga makofi mezani. Kabla kipindi hakijaisha simu zililia. Mwanamke wa Majita alisema kwao wimbo huo una ubeti wa tatu, akauimba kwa simu. Mwingine wa Butiama akasema kwao huimbwa na mabinti usiku wa kuamkia arusi, kwa maneno mengine lakini kwa sauti ile ile. Kwa muda wa robo saa wimbo mmoja ulivuka lugha mbili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Sijui njia nyingine ambayo ingaliwakutanisha wanawake hao watatu.

Nyerere mwenyewe, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba shule za kikoloni zilifundisha nyimbo za wageni zikaacha zetu, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Wizara hufanya kazi yake. Lakini wimbo wa kusagia hauokolewi na wizara. Huokolewa siku mwenye wimbo anapoulizwa.

VI. HOJA ZA WANAOPINGA

Watangazaji niliozungumza nao wana hoja tatu, na hoja zao zastahili jibu. Ya kwanza ni wakati. Kipindi ni cha saa moja, matangazo ya biashara yana nafasi yake, na ndiyo yalipayo umeme. Ni kweli. Lakini dawa ya wakati mchache si kuzikata nyimbo 12 katikati. Ni kuzipiga 4 mpaka mwisho. Wimbo wa kupokezana hauna kilele chake mwanzoni. Mwimbaji huanza kwa kuita, waitikiaji hujipanga, na neno lenyewe pengine huja dakika ya nne. Akatwaye dakika ya pili amesikilizishwa mtu akisafisha koo.

Hoja ya pili ni kwamba redio ni burudani, na maelezo mengi huchosha. Nami nakubali kwamba mhadhara huchosha. Lakini habari ya baba mdogo na ng'ombe waliokamuliwa si mhadhara. Kichoshacho ni sifa: “wimbo mtamu”, “wimbo mzuri”, “wimbo usiochuja”. Sifa hizo hufaa kila wimbo, na kifaacho kila kitu hakisemi juu ya kitu chochote.

Hoja ya tatu ni nzito, na sina haki ya kuipita upesi. Mara imepata kuona mapigano ya koo kwa koo kwa sababu ya ng'ombe na ardhi. Zimo nyimbo za kale zinazowasifu waliochukua ng'ombe wa watu fulani, na watu hao wangali majirani. Mtangazaji mmoja aliniambia, “Mwalimu, nikiufasiri nitawasha moto; nisipoufasiri, mgeni amefurahi na jirani hajui.” Hoja yake ina busara ya kienyeji, nayo yaonyesha kwamba kufasiri si kazi ya kamusi tu. Lakini yategemea jambo lisilo la kweli, yaani kwamba jirani hajui. Katika mipaka ya Tarime na Rorya, au ya Bunda na Butiama, watu wengi husikia lugha ya jirani kuliko wanavyokiri. Asiyejua maneno mara nyingi ni mtangazaji peke yake, naye ndiye aliyeshika maikrofoni. Amjuaye nyoka humshika kwa uangalifu; asiyemjua humdhania kamba.

Basi mtangazaji na ajue kwanza, kabla ya kipindi, kwa kuketi na mgeni na kuusikiliza wimbo neno kwa neno. Akiisha kujua, njia zake ni tatu. Aweza kuupiga na kueleza ni wa zama gani na uliimbwa kwa ajili gani, kama tusomavyo tenzi za vita vya kale bila kuchukua panga. Aweza kumwomba mgeni achague mwingine, akimweleza sababu kwa heshima. Au aweza kumwalika mzee wa upande wa pili naye alete wimbo wake, wapigwe sambamba. Njia ya nne, ya kuupiga bila kuujua, ndiyo iliyo ya hatari, na ndiyo itumiwayo zaidi. Kadhalika nyimbo za jando zenye siri zake hazifai hewani. Lakini huwezi kuzitenga kama hujui maneno yake.

VII. SHAURI

Sitaki kuwatwika watangazaji mzigo wa chuo kikuu. Wengi wao ni vijana, mshahara wao ni mdogo, na stesheni zao hazina wataalamu wa lugha. Nawaomba jambo moja tu litakalogharimu dakika 5: kwa kila wimbo wa mgeni, yaandikwe katika daftari mambo manne. Lugha ya wimbo kwa jina lake halisi, si “kilugha”. Mwimbaji na mahali. Mgeni aliusikia kwa nani na katika kazi gani. Na neno moja la wimbo ambalo mgeni anaona Kiswahili hakina, pamoja na maelezo yake kwa maneno ya mgeni mwenyewe. Rekodi ya kipindi isifutwe. BBC, pamoja na mali yake yote, ilipoteza vipindi vingi vya miaka ya mwanzo ya Desert Island Discs kwa kuwa hapana aliyedhani vitatakiwa.

Sisi wa vyuo nasi tuna sehemu yetu. Tumezoea kumwendea mzee na chombo cha kunasa sauti, tukamwuliza majina ya viungo vya mwili na majina ya ndege, tukarudi na orodha. Orodha hizo ni muhimu. Lakini stesheni ndogo ya Bunda au Musoma, katika mwaka mmoja, huwaketisha mbele ya maikrofoni watu wengi kuliko tunaoweza kuwafikia, nao husema juu ya jambo walipendalo, si juu ya jambo tulitakalo. Msamiati wa Kizanaki au wa Kiikizu usioingia katika orodha zetu umo katika vipindi hivyo, ukipita Jumamosi jioni na kupotea. Taasisi za Kiswahili zingefanya vema kuwapa watangazaji wa mikoani mafunzo mafupi ya kuandika irabu 7, na kuzipokea daftari zao ziwekwe mahali pa kusomwa.

Nimesema mtangazaji ni mfasiri. Mfasiri mwema hujulikana kwa dalili moja: baada ya kumsikia, mtu atamani kuijua lugha aliyofasiri. Kipindi cha nyimbo za wageni kitakuwa kimefaulu Mara siku Mjaluo wa Rorya atakapopiga simu kuuliza maana ya neno la Kijita, na mtangazaji akawa na mtu wa kumjibu.